Aliniona nikicheka

"Profesa, darasani hujawahi kucheka hivyo."

Ni mwanafunzi wangu, yule binti mkimya wa kiti cha nyuma. Tulikuwa msituni Amani, milima ya Usambara, usiku, tukitafuta vyura, tochi kichwani, karatasi za data zimelowa. Nikamjibu, "Darasani kuna mitihani." Akasema, "Hata siku isiyo na mtihani." Akageukia majani yake. Tangu hapo nalala na maneno hayo, naamka nayo.

Wiki hii kibali kimetoka, gari limekwama kwenye utelezi likavutwa na trekta la chai, kijana wetu mmoja amelazwa Muheza na karuhusiwa. Yote yamepita. Hili halipiti.

Nilikuwa nacheka na mzee anayetuongoza. Aliniambia, "Mwalimu, watoto wako wanatembea kama wanawahi kuzima moto. Chura atawangoja?" Nilicheka mpaka nikashika mti. Kule Minnesota ninakofundisha, kila sentensi naipima kabla haijatoka, na nimekaa hivyo mpaka nikaamini ndiyo heshima ya ualimu. Binti kaona tofauti kwa usiku mmoja. "Hata siku isiyo na mtihani." Imeniuma.

Baadaye akaniita kwa mkono. Juu ya jani, usawa wa goti, alikuwa amekaa jike la chura aitwaye Nectophrynoides tornieri, tumbo limetuna. Vyura wengi hutaga majini. Huyu mayai yake hukua humo humo tumboni, na watoto hutoka wakiwa vyura kamili, hawapitii hatua ya kiluwiluwi majini. Mzee akainama, akanong'ona, "Mjamzito huyo. Msimshike." Nikatafsiri. Binti akarudisha rula mfukoni, akaanza kumchora, penseli ikimtetemeka.

Nikamsimulia binti habari za ndugu wa chura huyu, yule wa maporomoko ya Kihansi: maji ya maporomoko yalipopelekwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua, maradhi ya kuvu yakaingia, na mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Waliosalia walikuwa wakilelewa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, Marekani, na ni uzao wao uliorudishwa Tanzania.

"Toledo? Kwa bibi yangu kabisa?"

Akaangua kicheko. Nami nikacheka, safari hii kwa Kiingereza. Mzee akatunyamazisha wote wawili.

Mama hapatikani tangu jana. Dada anasema umeme umekatika Korogwe, simu imeisha chaji tu. Lakini dawa zake za presha nilizotuma kwa basi hazijafika, na kondakta hapokei simu.