Tundu Lililofunikwa kwa Turubai

Kiwanda kilikuwa kimesimamishwa kwa matengenezo ya mwaka, na sisi mafundi wa mitambo tulipewa kazi ya kufunga giaboksi mpya kwenye jukwaa lililokuwa mita 6 kutoka sakafuni. Zamu ya usiku ilikwisha kuing'oa ile ya zamani, na ili waiteremshe kwa winchi iliwalazimu kutoa kipande kimoja cha sakafu ya jukwaa, ambayo ni wavu wa chuma ulioshikiliwa kwa klipu juu ya mihimili. Kipande hicho hawakukirudisha. Walitandika turubai juu ya tundu ili uchafu usiwaangukie waliokuwa chini, kisha wakaandika katika daftari la makabidhiano kwamba giaboksi imeshushwa. Kuhusu sakafu hawakuandika neno.

Aliyetangulia kupanda asubuhi alikuwa fundi tuliyemwita Mzee, mtu aliyewafundisha kazi wengi wetu, nami nilikuwa ngazini nyuma yake. Alikuwa amevaa kofia ngumu na mkanda wa usalama wa mwili mzima, lakini kamba yake ilining'inia kiunoni, kwa kuwa jukwaani hapakuwa na mahali popote palipowekwa kwa ajili ya kuifunga. Alikanyaga turubai, likamwachia. Alifariki kabla ya gari la wagonjwa kufika.

Watu hudhani mita 6 si kimo cha kuua. Mwili hufika chini kwa sekunde 1 na kidogo, ukiwa na kasi inayokaribia kilomita 40 kwa saa, na kofia ya kazini imetengenezwa hasa kwa ajili ya kitu kinachomwangukia mtu, si kwa mtu mwenyewe anayeanguka. Hata kamba, kama ingefungwa chini karibu na miguu, ingemwachia nafasi ndogo tu kabla ya kugonga sakafu: urefu wake hukaribia mita 2, kifyonza mshtuko, ile sehemu ya kamba inayojikunjua ili kupunguza kishindo, kikifunguka huongeza takriban mita 1, na bado kuna kimo cha mtu mwenyewe. Kilichohitajika ni uzio kulizunguka tundu lile, au kifuniko kigumu kilichofungwa kwa bolti.

Ripoti ya kwanza ilisema chanzo ni uzembe wa marehemu. Niliposomewa, nilikataa kutia saini maelezo yangu mpaka habari za wavu, turubai na daftari ziingizwe. Msimamizi mmoja aliniita pembeni akanisihi nisiwaharibie kazi wenzetu wa usiku. Nilimjibu kwamba sikuwa nikiwashtaki wao, waliofanya kazi hadi alfajiri bila kupewa kizuizi hata kimoja. Nilitaka yule aliyetoa kibali cha kazi, yaani hati ya kuruhusu kazi ile ianze, aeleze kwa nini kibali hicho hakikutaja kwamba sakafu ingefunguliwa. Ubishi ulikuwa mkali, nami sijutii hata neno moja nililosema. Hatimaye maelezo yangu yaliingizwa yote, neno uzembe likafutwa, na mjane alipokwenda kudai fidia alikwenda na nakala ya ripoti hiyo ya pili.