Sardaji, chaki yangu na moshi wa Mazeras

Mwaka 1972 nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, naishi Muthurwa, Nairobi, kwenye nyumba za reli, na kazi yangu ilikuwa kusugua injini. Unaingia chini ya magurudumu na kitambaa, unatoka mweusi kama chungu. Baadaye nikapandishwa, nikawa faiamani, yaani mtu wa moto, kwenye treni za mizigo za Mombasa. Nikadhani taabu nimeiacha kule chini.

Injini zenyewe zilikuwa za mvuke, Garratt za daraja la 59. Aliyeziona hahitaji kuelezwa. Kwa ambao hawakuziona: zilikuwa 34 tu, zilitengenezwa Manchester na Beyer Peacock miaka ya 1955 na 1956, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja ilikuwa na uzito wa tani 252. Boila lilikaa katikati, limebebwa na injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kwa hiyo kwenye kona unaona tangi la mbele linajiendea upande kama ng'ombe aliyeona majani. Hakukuwa na makaa wala koleo. Zilichoma mafuta mazito, yanapulizwa na mvuke mpaka yanakuwa kama ukungu wa moto ndani ya tanuru. Ndiyo maana watu wa stesheni walisema sisi tunakaa tu na kushika valvu. Haya, njoo ukae wewe.

Dereva wangu alikuwa Singasinga wa makamo, kaki imepigwa pasi, ndevu zimefungwa kwa wavu. Tukiwa mbali naye tulimwita Kalasinga. Mbele yake, kwa heshima, Sardaji. Injini ilikuwa na watu wake maalumu, jozi mbili: wawili kazini, wawili wamelala kwenye behewa lililofungwa nyuma yetu, tunapokezana hivyo hadi Nairobi. Kwa sababu hiyo ile injini haikuwa ya shirika peke yake. Ilikuwa yake. Kila kipande cha shaba mle ndani kiling'aa, na ole wako ushike mpini kwa mkono wenye mafuta.

Safari yangu ya kwanza naye kutoka Mombasa niliaibika. Nyuma yetu kuna kama tani 1,200, na njia haina huruma: ukishaacha Changamwe ni kupanda tu kuelekea Mazeras. Mshale wa kipimo cha mvuke unatakiwa ukae karibu na pauni 225 kwa inchi ya mraba. Nikauona unashuka. 210. 200. Nikafanya ambalo kila mgeni hufanya, nikaongeza mafuta. Moshi ukatoka mweusi tii, mzito, mpaka minazi ya watu huko chini haionekani. Mshale ukazidi kushuka. Nikaongeza tena.

Sardaji hakupiga kelele. Aliinuka, akanitoa kwa bega lake, akapunguza mafuta, akaongeza mvuke wa kupulizia na hewa. Kisha akachota mchanga kwenye ndoo, akafungua kitundu cha tanuru, akaurusha. Injini ikaukokota ule mchanga kwa nguvu ukapita kwenye mirija yote ya boila na kukwangua masizi, na dohani ikatapika wingu jingine jeusi kuliko langu. Halafu kukawa kweupe. Mshale ukaanza kupanda.

"Wewe natupa pesa ya reli juu," akaniambia. "Angalia chimni. Hapana angalia saa." Saa kwake ni ule mshale.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mafuta yakizidi hewa hayaungui, yanageuka masizi; masizi yanaganda ndani ya mirija, na joto halifiki kwenye maji. Moshi unaotakiwa ni wa kijivu hafifu, kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi. Ukikosekana kabisa, nayo ni hatari, maana unaingiza hewa baridi nyingi.

Nikajiona mjanja. Safari iliyofuata nilichukua chaki, nikatia alama kwenye gurudumu la valvu: hapa Mazeras, hapa Mariakani, hapa tambarare ya Mackinnon Road. Sardaji alitazama alama zangu tangu Voi hadi Mtito Andei bila kusema neno. Tulipoteka maji akachukua kitambaa akazifuta zote.

Nilinuna. Nilijua kwa nini siku chache baadaye, nilipokuwa na yule dereva wa jozi ya pili, Mzee mmoja Mtaita, mpole sana. "Mwanangu," akaniambia, "mafuta ya asubuhi si mafuta ya mchana." Yakiwa baridi ni mazito kama uji uliolala, yakipata moto yanakimbia. Alama ileile, moto tofauti. Naye ndiye aliyenifundisha kitu ambacho Sardaji hakuwahi kukitamka: tazama mikono ya dereva. Akifunga mvuke ghafla nawe hujapunguza mafuta, moto unaweza kukurudia usoni. Mzee huyu alikuwa anakohoa kidogo kabla ya kugusa regulata, ule mpini wa kufungulia na kufungia mvuke, sijui kama mwenyewe alijua. Kwa Sardaji nikachunguza safari nzima mpaka nikaiona: mkono wake wa kushoto ulikuwa unaondoka gotini kwanza. Ukitoka gotini, mimi tayari niko kwenye valvu.

Kuanzia hapo kazi ikaingia mwilini. Masikio yalinipa nusu ya habari, yaani mlio wa dohani unavyozidi kuwa mzito mlimani, na macho nusu. Maji kwenye glasi nayo yana uongo wake: ukimaliza kilima injini ikainama mbele, kipimo kinabadilika na maji ni yaleyale. Hilo nalo nilijifunza kwa kuogopa, si kwa kuambiwa.

Usiku mmoja, baada ya miezi kadhaa, tulitoka Mtito Andei na mzigo kamili. Mwezi ulikuwa mkubwa, nikawa naona moshi wangu wote angani, kijivu, mwembamba, na mshale umekaa mahali pake kama umegundishwa. Hatukusemezana. Makindu, karibu na lile hekalu ambalo Masingasinga wa reli walilijenga mwaka 1926, Sardaji aliinamisha kichwa kama kawaida yake. Kisha akafungua kibweta chake cha chakula, akakata chapati katikati, akapaka achari kwenye nusu moja, akaninyooshea bila kuniangalia.

"Chai iko wapi?" akauliza.

Birika lilikuwa juu ya tanuru, tayari limechemka.