Pete Iliyonibana

Machi ile joto la Mombasa halikuwa na huruma hata alfajiri. Nilikuwa nikijiandaa kwa marathoni yangu ya kwanza, kilomita 42.195, na kila niliyekutana naye alikuwa na neno kuhusu chakula. Jamaa niliyekuwa nikinyanyua naye vyuma Tudor alinikataza wanga: wali, chapati, muhogo, vyote basi. Nile mayai na kuku, mwili utazoea kuchoma mafuta. Shangazi, ambaye ana presha, akanionya niache chumvi. Kiongozi wa kundi letu la mbio naye akashikilia maji: "Ukingoja kiu umeshachelewa."

Nikawatii wote watatu kwa mpigo. Mama peke yake sikumsikiliza. Kila asubuhi aliandaa mahamri na mbaazi, nami nikipita kwenda kuchemsha mayai. "Mwanangu, mbio gani hizi za kukimbia na njaa?" Nikamjibu kwamba mambo haya yana utaalamu wake. Jibu lile linaniuma hadi leo.

Jumapili moja tulitoka Fort Jesus saa kumi na moja alfajiri, tukavuka daraja la Nyali, tukashika njia ya Mtwapa. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 30. Rafiki yangu alinifuata na pikipiki, na kila kilomita tatu akanipa nusu lita ya maji. Kufika Shanzu miguu ilikuwa mizito kama nimevaa matope; akiba ya wanga misulini ilikuwa imekwisha, nami kwa wiki tatu sikuwa nimeijaza.

Wakati wa kurudi, pale Bamburi, pete ikaanza kunibana. Ni pete ya fedha ambayo siku zote huzunguka kidoleni bila shida. Nilipoitazama, nyama ilikuwa imeumuka pande zote mbili, ngozi imevutika na kung'aa. Kichwa kilikuwa kikigonga. Nikavua kofia, nikaona michirizi myeupe ya chumvi kwenye kitambaa cheusi. Bado nilidhani ni kiu, nikaomba chupa nyingine. Kongowea nikatapika maji matupu, na kwa muda jina la rafiki yangu aliyenishika mkono likanipotea kabisa.

Kliniki, kila mtu alisema niwekewe maji. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya taratibu, alikataa. Kwanza alinipandisha kwenye mizani. Alfajiri nilikuwa kilo 68. Sasa ilisoma 69 na ushei. "Umekimbia kwa muda wa saa nne ukaongezeka uzito?" Akachukua damu. Sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, ilikuwa 129, na ya kawaida ni kati ya 135 na 145. Akanieleza kwamba jasho hutoa maji pamoja na chumvi, nami nilikuwa nimerudisha maji tu, tena mengi kuliko jasho lenyewe. Katika mazoezi marefu mwili huzuia mkojo, kwa hiyo maji yale hayakuwa na pa kutokea. Damu ikawa nyepesi, maji yakaanza kuingia kwenye seli, za ubongo zikiwemo. Baadaye nilisoma kwamba katika mbio za Boston za mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu, na asilimia 13 walikuwa na upungufu huo wa sodiamu.

Mama aliniletea supu yenye chumvi ya kutosha. Nilikaa pale hadi alasiri, mkojo ulipofunguka na kichwa kikatulia.

Sikumlaumu mtu. Neno la Shangazi lilikuwa sahihi kwa presha ya Shangazi. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyeupima mwili wangu, nami pia sikuwa nimeupima.

Nilipopona nilijipima kabla na baada ya saa moja ya mbio: nilipungua gramu 700, na nilikuwa nimekunywa mililita 400. Maana yake jasho langu, kwa joto la kwetu, ni lita moja na kidogo kwa saa. Tangu hapo nikawa nakunywa nikisikia kiu, bila kuvuka kiasi hicho. Wanga nikairudisha: wali jioni ya kuamkia mbio ndefu, na njiani tende sita kila saa.

Tende hizo Mama alizihesabu mwenyewe, akazifunga kwenye karatasi pamoja na chumvi kidogo. Kisha akavuta kiti na kunisogezea sahani ya mahamri. Saa kumi ilikuwa bado haijatimia.