Ninavyoondoa "equipments" na "informations" kwenye ripoti

Nahariri ripoti za Kiingereza zinazoandikwa na wenzangu wa Kiswahili, na nomino zisizohesabika, yaani zisizochukua wingi kwa Kiingereza, hunichelewesha kuliko hata nyakati za vitenzi. Chanzo ni ngeli zetu. Aliyezoea kusema "vifaa hivi vimeharibika" ataandika "these equipments are damaged" bila kusita, maana wingi umeshakaa kichwani. Mtu huyohuyo hakosei kwenye "flour", kwa kuwa unga hata kwetu hupimwa tu.

Naanza kwa kutafuta: Ctrl na F, kisha neno mojamoja. Informations, equipments, furnitures, advices, luggages, evidences, researches. Kikagua tahajia usikitegemee sana; "researches" kinaipitisha kwa sababu ni kitenzi halali, kama katika "she researches malaria".

Kufuta "s" ni nusu tu ya kazi. Chukua sentensi hii: "These equipments are expensive because they were bought abroad." Ukiondoa "s" peke yake unabaki na "these equipment are", na hapo umeharibu zaidi. Neno moja limeburuta mengine manne: "these" iwe "this", "are" iwe "is", "they" iwe "it", "were" iwe "was". Kinachoponyoka mara nyingi ni hicho kiwakilishi, hasa kikiwa kwenye sentensi inayofuata, kwa hiyo sihamii kosa jingine kabla sijasoma sentensi mbili za mbele.

Idadi ikihitajika, "three pieces of equipment" ni sahihi, ila "pieces of" zikijaa ukurasa mzima zinachosha. Mimi hubadilisha neno lenyewe: "a research" inakuwa "a study", "two luggages" inakuwa "two suitcases", "a work" ya kuajiriwa inakuwa "a job". "Evidences" haihitaji hata hilo, "evidence" inatosha.

Yenye pande mbili nayaacha mwisho. Uzoefu wa kazi ni "experience", lakini yaliyokupata safarini ni "experiences". Karatasi ya kuandikia ni "paper" na huhesabiwa kwa "sheets", ilhali mtafiti huchapisha "a paper" au "two papers". Kwa maneno haya nafungua kamusi ya wanafunzi, mfano Oxford Advanced Learner's Dictionary, yenye alama za C (countable, inayohesabika) na U (uncountable, isiyohesabika). Neno likiwa na maana kadhaa, alama huweza kutofautiana kutoka maana moja hadi nyingine, kwa hiyo anayeishia kwenye maana ya kwanza hupotea. Na "news", pamoja na "s" yake, kitenzi chake ni "is".