Vitabu Nilivyomsomea Mama

Mwaka huu kitabu nilichokimaliza peke yangu ni kimoja tu, nacho nitakifikia. Vingine vyote nimevisoma kwa sauti, kiwandani, yaani uani kwetu, baada ya sala ya Laasiri, Mama kakaa juu ya mkeka na kikapu chake cha nyuzi kando, ingawa nyuzi zenyewe hazioni tena.

Mambo yalianza na macho. Mama ameshona kofia tangu nipate akili. Kazi ile inataka jicho kali, na mtoto wa jicho akamwingia, kwanza la kulia, kisha la kushoto, mpaka sindano akawa anaitunga kwa kupapasa. Mtu aliyezoea kushughulika na mikono yake ukimkalisha bure anakuwa mkali. Akawa anagombana na paka, na vijana wa punda wanaopita kichochoroni, na mimi. Jioni moja nilikuwa nimejiinamia nasoma, nikacheka. Akauliza, "Chuo hicho chasema nini hata wacheka pweke yako?" Wazee wa Lamu wakisema chuo wanakusudia kitabu. Nikamwambia ni *Vuta N'kuvute*. "Basi nisomea."

Nilikuwa nimefika katikati, ikabidi nirudi ukurasa wa kwanza.

Sikuwahi kujua kwamba kusoma kwa sauti ni mizani. Jicho ni karimu, sentensi mbovu hulipita kimya kimya. Mdomo haukubali. Palipo na maneno yaliyojazwa ili ukurasa utimie, ulimi unajikwaa, na msikilizaji anaanza kuangalia kunguru. Nimeanza kuvihukumu vitabu kwa kunguru hao.

Adam Shafi alishinda. Riwaya ile ilitoka mwaka 1999, inasimulia Zanzibar ya miaka ya hamsini, na Yasmini, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee mwenye duka, Bwana Raza, akamkimbia. Mama alimpenda Mwajuma kuliko wote: shoga yake Yasmini wa Ng'ambo, mwenye maneno yake na taarabu yake na mlango usiofungwa. Kila Mwajuma akiingia Mama anajiweka sawa mkekani. Lakini Denge, kijana aliyesoma Urusi na kurudi kupambana na serikali ya Kiingereza, alimchosha. "Mwambie Denge anyamaze, arudi Mwajuma." Nilijaribu kumtetea, kwamba bila Denge hakuna kisa, kwamba wakati ule watu walikuwa hivyo kweli, mchana kazini na usiku kwenye makaratasi. Lakini nilipovisoma vipande vyake kwa sauti nilisikia alichokisikia Mama. Denge akiwa mafichoni ni mtu. Akianza kueleza siasa anageuka gazeti. Mimi nilikisoma kitabu hiki mara mbili zamani bila kuliona hilo, na nilikuwa nakisifu mbele za watu.

Baada ya hapo tukachukua *Wasifu wa Siti binti Saad* wa Shaaban Robert, kwa sababu Mama alikua akizisikia santuri za Siti, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, kwa jirani. Kitabu ni chembamba, cha mwaka 1958, miaka minane baada ya Siti kufariki. Kiswahili chake hakina mfano, sentensi zimepigwa pasi. Ila Shaaban Robert anapenda mno kusifu na kuusia. Mtoto aliyezaliwa Fumba, aliyetembeza vyungu vya mamake kuuza, mwaka 1928 yuko Bombay anarekodi santuri. Mimi hapo nataka kujua melini alilala wapi, chumba cha kurekodia kilifananaje, alilipwa nini, aligombana na nani. Napewa hekima. Mama hakulalamika hata kidogo. Alisema wasifu wa maiti ndivyo unavyotakiwa uwe, na kwamba mimi nataka umbeya. Huenda.

Halafu ikaja *Nagona* ya Kezilahabi, na hapo nilishindwa vibaya. Ni kitabu cha kurasa chache, nikadhani jioni mbili zitatosha. Mtu anatembea katika mji uliokufa, anakutana na watu wanaosema mafumbo, hujui uko hai au uko ndotoni. Ukurasa wa sita Mama alikuwa amelala, mdomo wazi. Nikaendelea kwa sauti ya chini, kisha nikanyamaza, nikakimalizia kitandani usiku ule kwa taa ya simu. Ndicho hicho kimoja nilichosema. Na nitasema ukweli: peke yangu, kimya, kilinishika. Kuna aina ya upweke ndani yake ambayo sauti inaifukuza. Kwa hiyo mizani yangu ya kunguru ina kasoro, na sijui niifanyeje.

*The Dragonfly Sea* ya Yvonne Adhiambo Owuor ilikuwa tabu ya namna nyingine, maana imeandikwa kwa Kiingereza na Mama Kiingereza hakijui. Nikawa nasoma kwa jicho na kusema kwa mdomo papo hapo. Nisingethubutu kama kisa chenyewe si cha kisiwa cha Pate, na Mama ni mzaliwa wa Siyu, kisiwani humo humo, babake alikuwa baharia. Ayaana, mtoto asiye na baba, anakaa akiitazama bahari, mpaka anamchagua mwenyewe Muhidin, baharia mzee, awe babake. Baadaye anapelekwa China kwa kuwa anahesabiwa katika uzao wa mabaharia wa Zheng He, mkuu wa meli za China, waliovunjikiwa na jahazi pwani hii karne ya 15. Msingi wa kisa ni wa kweli: mwaka 2005, Wachina wakiadhimisha miaka 600 tangu safari ya kwanza ya Zheng He, msichana wa kisiwa cha Pate alipata nafasi ya kwenda kusoma huko. Mama anakumbuka gumzo lake. Anasema watu waliochekwa siku zote kwa kudai babu zao ni Wachina, wiki ile walikaa barazani vifua mbele.

Mwandishi ana maneno mengi. Mengine ni mazuri hata niliyarudia mara tatu, mengine ni kama bibi arusi aliyevalishwa dhahabu ya ukoo mzima, huoni uso. Katika kutafsiri ilinibidi nimvue. Nikifika kwenye upepo nikisema upepo unaotoka kaskazini mashariki, Mama ananikata: "Kaskazi hiyo." Nikisema kamba ya kupandishia tanga, anasema, "Henza." Nikisema ile kamba ya kulizuia tanga chini, "Demani, mwanangu, wewe wa wapi?" Zikapita jioni ambazo sikujua nani anamsomea nani. Nikafikiri jinsi mwandishi alivyofanya kazi kuipeleka bahari hii kwenye Kiingereza, na sisi wawili kiwandani tunaikokota kuirudisha, kamba moja moja.

Ila Mama alikuwa na ugomvi mmoja mkubwa na kitabu. Munira, mamake Ayaana, ametengwa na watu kisiwani, hana wa kumsemea. "Hilo si kweli," akasema. "Hata mwenye aibu ana shangazi." Nikamwambia ndivyo riwaya zinavyotaka, mtu abaki peke yake ili tumwone. Akasema amwone nani, Pate hakuna mtu aliyewahi kuonwa akiwa peke yake. Tulibishana mpaka Magharibi ikaadhiniwa. Tangu siku ile kila nikisoma riwaya yenye shujaa mpweke katika kijiji cha Kiafrika, nasikia swali lile: mashangazi wako wapi? Waandishi wetu wengi wanawaua mashangazi mapema.

Ayaana alipopanda meli kwenda China, Mama alivumilia sura mbili. Ya tatu akaomba turudi Pate. Hatukumaliza.

Sasa *Peponi*.

*Paradise* ya Abdulrazak Gurnah niliisoma miaka mingi iliyopita nikiwa chuoni, kwa Kiingereza, kwa mtihani. Niliipenda kama unavyompenda mtu mwenye heshima zake, kwa mbali. Mwaka 2021 Gurnah akapata Nobeli, na mwaka uliofuata tafsiri ya Ida Hadjivayanis, *Peponi*, ikachapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Riwaya ilikuwa na miaka 28, na ndiyo kwanza inasemwa kwa lugha ambayo watu wake walikuwa wakiisema tangu mwanzo. Yangu niliagizia kupitia Mombasa, ikaja kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti, na ilipofika ukingo mmoja ulikuwa umeloa maji ya chumvi. Kurasa zile bado zimejikunja.

Nilianza: kijana Yusuf, umri wa miaka 12, mgeni tajiri anayemwita Ami Aziz anakuja kwao, akiondoka anampa sarafu ya anna kumi, mara hii anaondoka naye. Mama akanyoosha mkono kunisimamisha.

"Yusufu?"

"Ndiyo."

"Na huyo tajiri ana mke?"

"Anaye."

"Basi kanzu itararuka. Kwa nyuma."

Niliduwaa. Ni kweli, inararuka kwa nyuma, lakini karibu na mwisho wa kitabu, mamia ya kurasa mbele. Mimi nilipokuwa chuoni niliisoma riwaya nzima bila kuiona ndani yake Sura Yusuf ya Kurani, ambamo mke wa bwana wake Yusufu anamtamani na kumrarua kanzu kwa nyuma, hadi mwalimu aliponionyesha darasani, nikaandika pembeni kwa penseli kama mtu aliyevumbua kitu. Nami sura ile nimeihifadhi tangu utoto! Kiingereza kiliiziba. Nadhani Kiingereza kilinifanya nisome kama mgeni, nikitafuta maana mbali, wakati jina limekaa pale mstari wa kwanza.

Kuanzia hapo Mama alisikiliza kwa namna nyingine, kama mtu anayejua njia na anataka kuona dereva atapitia wapi. Khalil, kijana wa dukani anayemfundisha Yusuf kazi, anamwita kifa urongo. Jina hilo limo kwa Kiswahili hata katika kitabu cha Kiingereza, na zamani nilipolikuta nilifurahi kama mtu aliyemwona wa kwao katikati ya Nairobi. Katika *Peponi* halishtui, limekaa na ndugu zake. Kuna kilichopotea hapo, kidogo. Mama alicheka tu, hakuwa na haja ya kuelezwa.

Lakini tuligawanyika juu ya rehani. Yusuf amechukuliwa kwa deni la babake, na Khalil ndiye anayemwambia kuwa yule si ami yake. Kwangu mimi, wa kutisha ni Aziz, na hasa adabu yake. Hapigi kelele. Ananukia. Anatoa sarafu. Mama akasema, "Tajiri alikopesha. Aliyeweka mtoto ni baba." Nikamwambia mkopeshaji alijua analipwa nini. Akasema baba naye alijua. Nikapandisha sauti, naye akanyamaza kwa muda, kisha akataja mtu wa ukoo wetu, jina nisilowahi kulisikia, mtoto wa kike aliyepelekwa kukaa kwa watu Mombasa zamani, "kwa wema," na hakurudi. Hakusema zaidi. Nilifunga kitabu siku hiyo mapema, na kesho yake tulikula mahamri bila kulizungumza.

Ambaye hajaisoma aipite aya hii. Mwishoni Yusuf anakimbia kuwafuata askari wa Wajerumani waliotoka kukamata watu. Anakimbia kwa hiari yake, macho yakimwasha. Nilipomaliza sentensi ya mwisho Mama aliuliza kama kurasa zimechanika. Nikasema zimekwisha. "Yusufu wetu alitoka gerezani akawa mkubwa," akasema. "Huyu mbona yeye ndiye akimbiliaye gereza?" Sikuwa na jibu, na nilikuwa nimeifanyia mtihani.

Jicho la kushoto limepasuliwa wiki tatu zilizopita, bado analitia dawa. Daktari amesema asubiri kidogo ndipo asome. Jambo ambalo nilikuwa nimelisahau ni kwamba hata macho yakipona, *Peponi* hawezi kuisoma. Mama hakusoma skuli. Alisoma chuo cha Kurani kwa mwalimu, na Kiswahili anakisoma kwa herufi za Kiarabu, ndivyo anavyousoma utendi wa Mwana Kupona, nakala iliyoandikwa kwa mkono na shangazi yake. Herufi za Kizungu anazijua za kusaini tu.

Ameniomba nimwandikie ukurasa mmoja, ule wa kanzu. Hati yangu ni mbaya, sijaandika hivyo tangu utotoni, na irabu za Kiswahili hazikai vizuri kule, *o* na *u* zinagombea alama moja. Juzi nilikwama kwenye jina la kitabu chenyewe, maana Kiarabu hakina *p*. Nikamuuliza. Akasema wa zamani waliandika kwa *ba* na msomaji akajua mwenyewe, lakini shangazi yake alikuwa akiweka nukta tatu chini. Nimeweka nukta tatu, mara mbili. Nimefika nusu ya ukurasa.