Somerset ya 1895 imenifuta machozi ya 39

Ule usiku wa Juni 2024 bado unaniuma. Tuliamka saa tisa na nusu, mimi na jamaa mmoja wa boda wa hapa stejini Nakawa, Kampala, simu tumeiegemeza kwenye flaski ya chai, tunaangalia kriketi, Kombe la Dunia la T20, Uganda na West Indies kule Guyana. Wao rani, yani pointi, 173, sisi 39. Banange, thelathini na tisa! Mrushaji wao Akeal Hosein peke yake alitunyofoa wiketi tano, yani aliwatoa wapigaji wetu watano, kwa rani 11 tu. Jamaa hakusema kitu, alivaa helmeti yake akaenda kutafuta abiria wa asubuhi, rolex yake, ile chapati ya mayai, akaniachia nusu.

Tangu hapo nikawa nasoma kriketi ya zamani, sijui kujitesa au kujifariji, mpaka nikafika msimu wa ligi ya kaunti, yani timu za mikoa, wa 1895, Uingereza, Malkia Victoria bado yuko kwenye kiti. Ubingwa ndo umepanuliwa hadi timu 14 na Surrey wakabeba, walikuwa na mrushaji Tom Richardson, huyo mtu kwa msimu mmoja alichukua wiketi 290 na ova zenyewe, yani zamu za kurusha, zilikuwa mipira mitano tu, siku hizi ni sita! Lakini Surrey waacheni, mi timu yangu ni Somerset. Yani walikuwa ngoma ya kila mwenye mkono.

Mei wanaenda Bristol wanamkuta W.G. Grace wa Gloucestershire, daktari, ndevu mpaka kifuani, kitambi, miaka 46, ana senchuri 99, yani mara 99 amefikisha rani mia kwa zamu moja, anatafuta mtu wa kumpa ya 100. Wakampa. Akaipata halafu hakutoka, akaendelea mpaka 288, na kufika Mei 30 alikuwa keshapita rani elfu moja ndani ya mwezi huo, mtu wa kwanza kabisa. Hapo nikamkumbuka mzee wetu Frank Nsubuga, miaka 43, aliyerusha ova nne akatoa rani nne tu na kuchukua wiketi mbili tulipowapiga Papua New Guinea, nikacheka peke yangu kwenye taksi mpaka mama wa pembeni akashika mkoba wake.

Lakini Taunton sasa, nyumbani kwao! Julai wanakuja Lancashire na kijana Archie MacLaren, miaka 23, anaingia na bati lake na anakaa ndani karibu masaa manane. Amepiga 424. Mtu mmoja! Foo, yani mipira iliyofika kwenye kamba ya mpaka kwa rani nne, zilikuwa 62, hesabu mwenyewe mara ngapi kuna mtu alitembea mpaka kwenye kamba kuokota mpira huku jua linamchoma. Timu nzima 801, Somerset wakalala kwa iningi moja na rani 452, yani zamu zao mbili za kupiga zikijumlishwa bado zilipungua rani 452 kwa zamu moja ya Lancashire. Na msimu huohuo Essex nao waliwapiga 692.

Aliyemtoa MacLaren hatimaye alikuwa Gamlin, mtoto wa miaka 17, baadaye alikuja kuwa fulubeki wa Uingereza kwenye ragbi. Hiyo ndo sehemu naipenda kuliko zote.

Juzi nikamtumia yule jamaa wa boda hizo namba zote kwa WhatsApp. Akakaa kimya siku nzima, jioni akajibu kwa voisi, nyuma nasikia pikipiki inanguruma: "Kaka, na huyo mtoto, baada ya kumtoa mtu wa 424, walimnunulia hata soda?"