Kortado kwa kahawa ya Nyeri: majaribio 1 hadi 11

Kortado ni espreso na maziwa, uzito kwa uzito. Asili yake ni Uhispania, na jina limetokana na kitenzi cha Kihispania cha "kukata": maziwa hukata makali ya kahawa. Kwa kahawa yetu, yenye uchachu mwingi, ukataji huo una kazi.

Majaribio 1–4. Nyeri AB (daraja la ukubwa wa punje), mkaango mwepesi, siku ya 4 tangu ikaangwe. Unga gramu 18, espreso gramu 36, sekunde 24. Bila maziwa, inanyweka vizuri. Ukitia maziwa gramu 36, unapata ladha ya mala. Maziwa hayana kosa. Kahawa imetoka upesi mno: uchachu ndio hutangulia kuyeyuka, utamu hufuata nyuma, na hapa utamu umeachwa kwenye unga. Tena siku 4 ni mapema. Gesi bado imejaa ndani ya punje na mkondo unatoka ukirukaruka.

Jaribio la 5: maziwa gramu 80. Uchachu umebaki palepale, kahawa imepotea. Usipite njia hii.

Majaribio 6–9. Punje zilezile, siku ya 12, kisagio alama mbili chini, yaani unga laini zaidi. Unga gramu 18 kwa espreso gramu 40, sekunde 31. Hapa ndipo sukari guru ilipojitokeza, na uchachu ukarudi nyuma. Alama moja zaidi ikaharibu: sekunde 43, upande mmoja wa kichujio ukitoa maji yaliyopauka, na kikombe kichungu na kichachu kwa pamoja. Maji yalikuwa yamejipenyezea ufa. Koroga unga kwa sindano hadi chini kabla ya kushindilia, na shindilia sawasawa. Mkono ukiinama, ufa umeshauandaa.

Halijoto ya maji: nyuzi 96. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kama nyuzi 94, kwa hiyo ukifungua maji bila kichujio yatafoka na kutoa mvuke. Mashine ni nzima. Ndani ya unga, presha ya baa 9 huyazuia yasichemke, na mkaango mwepesi unauhitaji sana moto huo.

Majaribio 10–11, maziwa. Tia gramu 100 kwenye jagi dogo hata kama utamimina 40 tu. Yakipungua hapo, ncha ya bomba la mvuke haizami na utapata mapovu ya sabuni. Ingiza hewa sekunde mbili za mwanzo, kisha zamisha ncha na uyazungushe. Funga mvuke kwenye nyuzi 55. Yakipita 70, utamu hufifia na harufu ya maziwa ya kuchemshwa hufunika matunda yote. Pima kwa mizani, si kwa macho: povu hujaza glasi bila kuleta maziwa. Maziwa ya mashine za mtaani hutoa povu laini yakiwa ya siku hiyo. Povu la yaliyolala lilipasuka mara moja.

Kipimo kilichokubali: unga 18, espreso 40, maziwa 40, glasi ya mililita 120. Moto, ni sukari guru na maziwa. Ikipoa kidogo, matunda meusi yanapanda, na hapo ndipo kinywaji hiki kinapendeza kweli.

Linalofuata, jaribio la 12: PB (punje moja ya mviringo ndani ya tunda) ya Kirinyaga, nyuzi 94, vipimo vilevile.